Rifu za deth metali ya kiufundi, 1989–1993: kwa nini bado zinashika, na zinajengwaje?

Nyuzi_Sita:

Wakuu, naomba tuchambue kwa kina rifu (vifungu vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa) za deth metali, ule muziki mzito wa gitaa za kasi na sauti za kukoroma. Altars of Madness ya Morbid Angel (1989), Human ya Death, Unquestionable Presence ya Atheist na Effigy of the Forgotten ya Suffocation (zote 1991), Nespithe ya Demilich (1993): hizi ni albamu za miaka zaidi ya thelathini iliyopita, na bado zinasikilizwa na kuigwa na vijana ambao wazazi wao ndio walikuwa vijana zilipotoka. Kwa kasi na wepesi wa vidole, bendi nyingi za leo zimeshazipita. Lakini ukimaliza albamu nyingi za leo hubaki na rifu hata moja kichwani, ilhali hizi za kale unaweza kuziimba kwa mdomo tangu mwanzo hadi mwisho.

Maswali ni mawili. Kwanza, ni nini hasa kilichomo ndani ya rifu zile? Pili, kwa vitendo: gitaa limetyuniwa D (nyuzi zote zimeshushwa toni moja: D, G, C, F, A, D), mwendo ni mapigo 190 kwa dakika. Rifu moja moja zinasimama vizuri, ila zikiunganishwa wimbo unakuwa rundo la vipande visivyojuana. Tena kufika kipimo cha tatu (kipimo ni mapigo manne) mkono wa kulia unakaza na noti zinaanza kurundikana. Wajuzi, tusaidieni.

---

Kamba_Nene:

Mkuu, ukilijibu swali la pili umeshalijibu la kwanza. Rifu zile hazishiki kwa sababu ni nyepesi, zinashika kwa sababu moja inaizaa nyingine. Mara nyingi unachodhani ni rifu sita ni mbili tu zilizogeuzwa, kukatwa na kuhamishwa. Hapo ndipo ufundi wa kipindi kile ulipokaa, na ndiyo maana haujazeeka.

Malighafi yenyewe ni chache. Bendi za Slayer na Possessed zilishaonyesha katikati ya miaka ya 1980 kwamba rifu inaweza kutembea kwa nusu toni bila kujali skeli (ngazi ya noti za wimbo). Waliofuata wakachukua umbali wa aina tatu na kuukamua: nusu toni (freti moja, yaani hatua moja kwenye vyuma vya shingo ya gitaa), toni moja na nusu (freti tatu) na toni tatu (freti sita). Kwa hiyo hakuna skeli inayokuambia uko wapi. Kinachokuambia ni uzi wazi wa sita (ule mnene kabisa, usiobanwa) unaorudiwarudiwa chini ya kila kitu. Msingi ukishatulia namna hiyo, juu yake unaweza kuweka noti yoyote ya kigeni na msikilizaji hapotei.

Tuangalie mfano. Uzi wa sita peke yake, noti nne kwa kila pigo (namba ni freti, 0 ni uzi wazi):

`0 0 0 1 | 0 0 4 3 | 0 0 0 1 | 6 5 4 3`

Sufuri zote zizibwe kwa kiganja, namba nyingine ziachwe zilie. Sasa sikiliza zinazolia tu: 1, kisha 4-3, kisha 1, kisha 6-5-4-3. Kipande cha mwisho ni kile cha pili kilichorefushwa, na vyote viwili vinatua kwenye freti ya 3. Msikilizaji hahesabu, lakini sikio lake limeshika kwamba kuna swali fupi na jibu refu. Hilo ndilo linalomfanya aiimbe.

Ukishapata rifu ya namna hii usikimbilie kutunga nyingine. Ikamue kwanza.

Ipige vipimo vitatu kamili, cha nne ukate noti mbili za mwisho: `0 0 0 1 | 0 0 4 3 | 0 0 0 1 | 6 5`, halafu moja kwa moja rudi mwanzo. Sikio linasubiri 4-3, linapewa uzi wazi. Kipimo hicho kina noti 14 badala ya 16, yaani 7/8 (nusu-pigo saba badala ya nane), na mshtuko wake unatokana na kwamba umeshamzoesha msikilizaji kipimo kamili mara tatu. Ukiikata tangu mwanzo hakuna mshtuko, kuna hesabu tu.

Halafu ihamishe yote toni tatu juu. Wengi wanakimbilia uzi wa tano freti ya 1, lakini pale freti ni pana na kutoka 1 hadi 7 mkono unaruka sana. Noti zilezile ziko uzi wa sita kuanzia freti ya 6: `6 6 6 7 | 6 6 10 9 | 6 6 6 7 | 12 11 10 9`. Freti ni nyembamba zaidi na sauti inabaki nene. Kumbuka tu kwamba hapa hakuna tena uzi wazi: kidole cha kwanza ndicho kinachobana 6, kisikandamize kwa nguvu maana uzi utapanda sauti.

Njia ya tatu: noti zilezile kwa nusu ya kasi, nyuzi mbili kwa pamoja (yaani kila noti na ya tano yake juu). Hapo ndipo bendi nyingi za New York, Suffocation wakiwa mbele, zilipojenga sehemu zile nzito zinazowafanya watu watikise vichwa polepole.

Kinachovunja wimbo wako, kwa jinsi ulivyoeleza, ni hiki: unabadili noti, mdundo na ngoma kwa wakati mmoja kila unapoingia rifu mpya. Badili kimoja, mara chache viwili. Vyote vitatu vibadilike mara moja tu kwenye wimbo mzima, pale unapotaka pawe kilele.

Piga hesabu uone. Wimbo wa dakika 3 na nusu kwa mwendo wa 190 una vipimo kama 166. Ukiipa kila rifu vipimo 8 una nafasi kama 20. Ukizijaza rifu 20 tofauti hakuna atakayekumbuka hata moja. Familia mbili au tatu, kila moja na matoleo yake manne au matano, zinatosha na zinabaki. Angalia pia urefu wa albamu zenyewe: Legion ya Deicide (1992) haifiki dakika 30, Human ni kama dakika 34. Walikuwa na mengi ya kusema, wakayasema kwa ufupi.

---

Toazi_Kuu:

Kamba_Nene amesema vizuri, niongeze upande wa ngoma, maana nusu ya mabadiliko unayoyasikia kwenye albamu zile hayafanywi na gitaa kabisa.

Chukua rifu yake ileile bila kugusa noti hata moja. Iwekee mdundo wa thrashi (metali ya kasi iliyotangulia deth): ngoma ya mguu juu ya pigo, sneya (ngoma kali ya mkono) katikati ya pigo na pigo. Sneya itaangukia noti ya tatu ya kila kundi, yaani 0, 4, 0, 4. Sasa iwekee blasti ya kawaida, mguu na sneya vikipokezana kwenye noti zote. Sneya inaangukia noti ya pili na ya nne ya kila kundi, na noti za nne ni 1, 3, 1, 3. Rifu ni ileile, lakini kwanza sikio lilishikwa na freti ya 4, sasa linashikwa na 1 na 3. Weka mdundo wa tatu: sneya mara moja tu kwenye kipimo, pigo la tatu, huku miguu miwili ikijaza noti zote. Rifu inageuka nzito ghafla bila kupungua kasi. Kwa vipimo vinane vinane una sehemu tatu za wimbo na gitaa halijabadilisha kitu.

Kile kipimo cha noti 14 kina mtego. Kwenye blasti hakisumbui: jozi saba za mguu na sneya, unaingia kipimo kinachofuata mguu ukiwa mbele kama kawaida. Kwenye mdundo wa thrashi una nusu-pigo saba, namba witiri. Ukiwa mwangalifu utapiga mguu mara mbili mfululizo kwenye maungio ili sneya ibaki mahali pake. Ukiuacha mkono uendelee bila kurekebisha, sneya inahamia juu ya pigo na rifu yote inasikika imepinduka, na itarejea yenyewe kikija kipimo kingine cha 14. Njia zote mbili ni halali na ya pili ni tamu sana, ila mkubaliane kabla. Mpiga gitaa akidhani ni ya kwanza na mpiga ngoma akifanya ya pili, mtaachana ndani ya vipimo viwili na kila mmoja atamlaumu mwenzake.

Kuhusu kasi: kwa 190, kujaza noti zote kwa miguu miwili maana yake kila mguu unapiga mara 6.3 kwa sekunde. Mguu wa kushoto ndio unaochelewa karibu kila mara. Ufanyie mazoezi peke yake kwa nusu ya noti, kisigino kikiwa kimeinuliwa kidogo, paja lisibebe mzigo wote. Kaza chemchemi ya pedali kiasi cha kurudisha nyundo yenyewe. Ikilegea unalazimika kuirudisha kwa msuli na hapo ndipo kigimbi kinapochoka.

Na kama mnataka kusikia tofauti ya wapiga ngoma wa wakati ule, wekeni Pete Sandoval kwenye Altars of Madness kando ya Sean Reinert kwenye Human. Sandoval anasukuma rifu mbele kama ukuta. Reinert anazunguka ndani yake: mkono wa kulia unacheza matoazi kwa mpangilio wake, toms (ngoma za mkono zisizo sneya) zinajibu gitaa. Yeye na mpiga gitaa Paul Masvidal walitoka bendi ya Cynic na walikuwa wamezama kwenye jazi ya umeme. Jambo zuri ni kwamba jazi ile iliingia kwenye ngoma na haikulainisha rifu hata kidogo.

---

Sikio_Kali:

Naomba nitofautiane kidogo na mwanzisha mada. Si kila cha 1991 ni dhahabu. Kufikia 1992 na 1993 bendi nyingi zilikimbilia studio ileile, Morrisound pale Tampa, Florida, kwa mtayarishaji Scott Burns yuleyule, zikatoka na sauti ileile na rifu za kuazimana. Nyingi tumezisahau, na ni haki yake. Tunalinganisha kumi bora za wakati ule na kila kitu kinachotoka leo.

Zilizobaki zilibaki kwa sababu ya tabia ya mtunzi. Trey Azagthoth wa Morbid Angel unamtambua ndani ya vipimo viwili: rifu zake zinateleza na kuyumba, kama kitu kinachoyeyuka. Luc Lemay wa Gorguts, Canada, kwenye The Erosion of Sanity (1993) anapanga rifu kwa namna inayokaribia muziki wa okestra. Antti Boman wa Demilich, Finland, anarukaruka umbali ambao hakuna mwingine aliyeuchagua, na juu yake anaweka sauti ile ya koo inayotoka chini kabisa. Jalada la albamu lilieleza wazi kwamba hakuna kifaa cha kubadili sauti kilichotumika. Mtu akijifunza nusu toni na toni tatu pekee atapata lugha, hatapata la kusema.

Tena angalieni mwendo wa kukua. Death walitoka Scream Bloody Gore mwaka 1987, miaka minne baadaye wako Human. Pestilence wa Uholanzi walitoka Consuming Impulse mwaka 1989 hadi Spheres mwaka 1993, na ukisikiliza hizo mbili utadhani ni bendi mbili. Watu walikuwa wakipeana wachezaji: mpiga besi Tony Choy peke yake anasikika kwenye Testimony of the Ancients ya Pestilence na kwenye Unquestionable Presence, zote za 1991, huku akiwa mtu wa Cynic. Mawazo yalisafiri haraka kwa sababu watu wenyewe walisafiri.

---

Kiwiko_Huru:

Mimi nitajibu lile la mkono, maana limeachwa.

Kwa 190, noti nne kwa pigo ni noti 12.7 kwa sekunde. Kabla ya mazoezi yoyote tafuta tatizo liko wapi. Piga uzi wazi wa sita peke yake, bila kuziba, vipimo 8 kwa 190. Ukimaliza bila kukaza, kasi unayo, na kinachokusumbua ni mikono miwili kutofika pamoja. Usipomaliza, tatizo ni mkono wa kulia wenyewe. Dawa ni tofauti, na watu wengi wanatibu ugonjwa ambao hawana.

Mkono wa kulia ukiwa ndio tatizo: karibu mara zote kiwiko kimefungwa. Kifundo cha mkono kikishindwa kasi, mwili unahamishia kazi kwenye kiwiko, msuli wa juu unakaza, na ndani ya vipimo viwili au vitatu umekwisha. Hicho ndicho kipimo chako cha tatu. Tumia piki (kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi) ngumu, unene wa milimita 1.1 hadi 1.5, ncha itokeze nje ya vidole milimita 3 tu, na uilaze kidogo ili ipite uzi kwa ukingo wake badala ya kuugonga kwa ubapa. Mwendo wa piki kwenda na kurudi usizidi upana wa uzi wenyewe mara mbili.

Usipandishe metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) polepole tu kutoka chini. Kwenye kasi ndogo kiwiko nacho kinaweza, kwa hiyo unajifunza mwendo ambao hautafika. Changanya: piga pigo moja kwa 190 (noti nne na noti ya tano ya kutua), pumzika mapigo matatu ukiwa umelegeza bega, rudia. Ikikaa vizuri, mapigo mawili kwa kupumzika mawili. Halafu kipimo kizima. Kando ya hiyo piga rifu nzima kwa 114, ambayo ni asilimia 60, ukipandisha 4 kila inapotoka safi mara nne mfululizo. Njia hizi mbili zitakutana njiani. Ukisikia maumivu kwenye kiwiko au upande wa kidole gumba, acha siku hiyo.

Tatizo likiwa ni mikono kutokutana, linakaa karibu kila mara kwenye `0 0 4 3`. Kidole cha kushoto kinachelewa kufika 4, kisha kinaondoka 3 kwa kuvuta uzi pembeni na uzi wazi unalia kabla hujaupiga. Kidole kinyanyuke wima. Chukua kundi hilo peke yake, bila distosheni (ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa) kabisa, ujirekodi. Distosheni inasawazisha nguvu za mipigo na kukuficha makosa, gitaa kavu halifichi kitu.

Kiganja: ukingo wake ukae pale uzi unapotoka kwenye daraja. Ukisogea mbele milimita tano sauti inakufa na noti haijulikani tena ni ipi. Kwenye noti zinazolia usiunyanyue mkono mzima, ulegeze tu.

Jambo moja la mwisho ambalo linawakwaza watu kwenye rifu zilizokatwa. Noti 14 ni namba shufwa, kwa hiyo kipimo kinachofuata kinaanza kwa mpigo wa kushuka kama kawaida. Ukikata noti moja au tatu (15 au 13), kinachofuata kinaanza kwa mpigo wa kupanda, na mikazo yote inageuka. Ama jizoeze kukaza kwa mpigo wa kupanda, ama weka mishuko miwili mfululizo kwenye maungio. Kwa 190 mishuko miwili haiwezekani kwa wengi, kwa hiyo liamue unapotunga, usingoje siku ya kurekodi.

---

Fundi_Sauti:

Rifu nzuri inaweza kuuawa na sauti mbaya, kwa hiyo na hili lisipuuzwe.

Gitaa kwanza. Kwa D kwenye gitaa la inchi 25.5, seti ya nyuzi zenye unene wa inchi .011 hadi .052 inatosha. Bendi zilizoshuka hadi B, kama Carcass kwenye Necroticism (1991), zinahitaji kitu kama .013 hadi .062. Nyuzi nene zinaweza kukwama kwenye mifereji ya kichwani mwa shingo. Ukityuni unasikia mlio mkavu kisha sauti inaruka, ujue mfereji unahitaji kupanuliwa kwa tupa nyembamba. Baada ya kubadili unene shingo itavutika, kwa hiyo iangalie tena: pengo kati ya uzi na freti ya 7, huku umebana freti ya kwanza na ya mwisho, liwe kama milimita 0.2. Halafu linganisha sauti ya freti ya 12 ukiibana na ile ya kugusa tu hapohapo juu yake. Ya kubana ikiwa juu, rudisha kitako cha uzi nyuma kwenye daraja.

Ampu (kikuza sauti): gaini, yaani kiasi cha distosheni, kidogo kuliko unavyotaka. Weka pedali ya ovadraivu mbele yake, draivu sufuri, sauti juu, toni katikati. Kazi yake ni kupunguza besi kabla haijaingia kwenye ampu, maana besi ndiyo inayofanya noti za haraka ziungane. Noti ya chini kabisa ya D ni kama hezi 73, na mipigo 12 kwa sekunde ya kitu hicho kikiwa kimejaa distosheni ni tope tupu. Usikate midi (masafa ya kati). Rifu zile zinasikika kwa sababu midi ipo.

Pedali ya distosheni HM-2 ya Boss ikiwa imefunguliwa vitufe vyote mpaka mwisho ni sauti nzuri kabisa ya Stockholm, ile ya Tomas Skogsberg na Sunlight Studio kwenye Left Hand Path ya Entombed (1990). Kwa rifu za kukata na kushona zilizotajwa hapa haifai, inafunika mwanzo wa kila noti.

Kurekodi: gitaa moja kushoto na jingine kulia, kila moja lipigwe upya. Ukinakili upande mmoja hupati upana, unapata sauti moja ileile katikati. Kata chini ya hezi 80 hadi 100 kwenye gitaa, punguza kidogo kati ya 200 na 300. Na namnasihi mtu anayetaka kuzielewa albamu za 1991: zilipigwa kwenye tepu, mwendo unapumua. Ukinyoosha kila pigo la ngoma kwenye gridi ya kompyuta, ule mshtuko wa kipimo cha 14 unapungua, kwa sababu bendi ya watu husukuma mbele kidogo kabla ya kukata. Ukitaka metronomu, ipange ipande mapigo 2 au 3 kwa dakika kwenye vipimo vya kuelekea badiliko.

---

Nyuzi_Sita:

Shukrani sana wakuu. Limebaki moja: gitaa la pili na besi. Vikipiga rifu ileile wimbo unakuwa mnene lakini bapa. Gitaa la pili likipiga sauti ya freti tatu juu, chini kule inasikika kama mngurumo na noti hazitambuliki.

---

Kamba_Nene:

Mngurumo huo unatokana na distosheni: noti mbili zilizo karibu zikipita pamoja kwenye rifu ya chini zinazaa noti nyingine za pembeni, na kwenye uzi wa sita zinajazana mahali pamoja. Gitaa la pili liache sufuri zote kwa gitaa la kwanza, lipige zile zinazolia tu, na lizipige okteva juu (noti zilezile, freti 12 juu). Freti tatu juu ya 1, 4-3 na 6-5-4-3 ni 4, 7-6 na 9-8-7-6. Okteva ya hizo iko uzi wa nne, freti mbili mbele: 6, kisha 9-8, kisha 6, kisha 11-10-9-8. Usisahihishe umbali ili uingie kwenye skeli. Freti tatu ziwe tatu kila mahali, ule ubaridi ndio unaotafutwa. Na usiiweke tangu mwanzo, iingie rifu ikirudi mara ya pili.

---

Besi_Mbele:

Upande wa besi, sikiliza Unquestionable Presence kama bado hujaisikiliza kwa sikio hilo. Mistari ile ilitungwa na Roger Patterson, mpiga besi wa Atheist, ambaye alifariki Februari 1991 kwenye ajali ya gari bendi ikiwa safarini. Tony Choy akaingia kuirekodi. Besi pale inajibu gitaa badala ya kulifuata, na inasikika. Human nayo ilitoka besi ikiwa imefichwa sana, na ni toleo la 2011 lililochanganywa upya na Jim Morris linaloonyesha mpiga besi Steve DiGiorgio alikuwa anafanya nini chini mle.

Kwa rifu hii: usipige noti nne kwa pigo. Piga mbili, kwa vidole, kwenye uzi wazi, ila pale gitaa linapolia 4-3 wewe piga 3-4, mkutane mkipishana. Kwenye 6-5-4-3 shikilia freti ya 6 pigo zima bila kugusa kitu, gitaa lishuke peke yake juu yako. Kwenye kipimo cha 14 kaa kimya noti mbili za mwisho zilizobaki, 6 na 5, uingie na mguu wa ngoma kwenye noti ya kwanza inayofuata. Seti ya .050 hadi .110 inavumilia D bila kulegea, na weka distosheni kidogo kwenye masafa ya juu tu, chini paachwe safi.